Gridi ya kompyuta za kuchangia: miezi saba ya kukaa foleni nikiwa Chuda

Naanza na maksi kabisa ili mwenye haraka zake aondoke mapema: nyota tatu na nusu kati ya tano. Ingekuwa naangalia mashine peke yake ningewapa tano bila kufikiri, hiyo moja na nusu nimeikata kwa sababu ya dalali wao na kwa sababu ya sapoti yao, nitafika huko. Jina la huduma, hii ya kutumia kwa mbali kompyuta kubwa za taasisi, naliacha, akaunti tumepewa kwa hisani na sisi watu wa pwani tukialikwa hatusemi chumvi imezidi tukiwa bado tumekaa mkekani. Wenyewe wakisoma watajijua.

Mimi sio mwanasayansi jamani, tusidanganyane. Ni fundi kompyuta, nina fremu Chuda hapa Tanga, nafomati laptop, naunga printa, nachapa barua za maombi ya kazi, basi. Aliyeniingiza kwenye haya mambo ni binti wa dada yangu anayesoma masters ya hali ya hewa. Kaja likizo, shikamoo mjomba, marahaba, hata chai hajamaliza keshafungua laptop ananiambia mjomba nataka niirani modeli, yaani programu ya kuigiza hali ya hewa, mara sitini. Nikamwambia mwanangu, hiyo laptop yako ukifungua video mbili inapiga kelele kama jenereta, sitini utaziweka wapi?

Tasnifu yake ni ya Kimbunga Hidaya, kile cha Mei 2024 kilichoingia nchi kavu pale Mafia tarehe 4, Jumamosi, na huku Tanga siku hiyo watu tulishinda tunaangalia anga. Anachotaka kujua ni hivi, je pale mwanzo upepo au joto la bahari lingekuwa tofauti kidogo tu, kimbunga kingepita wapi? Ndo maana sitini, kila mara unatikisa kidogo hali ya kuanzia halafu unaangalia njia sitini zinavyotawanyika. Programu yenyewe inaitwa WRF, ya bure, inatumika dunia nzima. Inalikata anga kama wavu, yeye alitaka tundu la kilomita 3, na kwa tundu la kilomita 3 programu inatembea kwa hatua za sekunde 18 hivi (wenyewe wana kanuni, kilomita mara sita), kwa hiyo siku tatu za kimbunga ni hatua 14,400 na kila hatua inapiga hesabu ya kila tundu kuanzia usawa wa bahari mpaka juu kabisa angani. Ukitaka tundu la nusu ya hapo, matundu yanakuwa mara nne na hatua zinakuwa mara mbili, kazi imeshakuwa mara nane. Nilipoelewa hilo ndo niliacha kuwashangaa watu wanaojenga kompyuta za kujaza ukumbi.

Tulijaribu kwanza kwenye mashine yangu ya dukani yenye kori nane (kori ni vile vichwa vya kupigia hesabu ndani ya prosesa). Mrani mmoja, yaani kuirani mara moja, siku mbili na nusu. Piga mara sitini ni siku 150, na hiyo ni kama umeme haujakatika hata mara moja, ndoto hiyo. Tena wateja nao wanataka kuprinti.

Basi msimamizi wake akatuombea akaunti kwenye hii gridi. Ni klasta tatu (klasta ni kompyuta nyingi zilizofungwa pamoja zifanye kazi kama moja) zilizo miji mitatu tofauti, taasisi tofauti, wamekubaliana kuchangia: unaingia kwa mlango mmoja, unatoa jobu lako, yaani kazi unayotaka ifanywe, ndani kuna programu inaamua jobu liende klasta ipi. Neno lenyewe gridi limetokana na gridi ya umeme, kina Ian Foster na Carl Kesselman huko Marekani miaka ya 90 ndo waliolivumisha, maana yake mtu achomeke tu waya ukutani apate nguvu ya kompyuta bila kujali inatoka bwawa gani. Mpwa wangu aliponieleza nikacheka mpaka machozi, nikamwambia wazungu hawajakaa Tanga, mtu wa huku ukimwahidi kitu kitakuwa kama umeme ananunua mshumaa kwanza. Ila wazo sio la mchezo, CERN wale wa Geneva data za mtambo wao wa kugonganisha chembe zinagawiwa vituo kama 170 kwenye nchi zaidi ya 40, hakuna kituo kimoja ambacho kingeziweza peke yake.

Sasa siku ya kwanza. Nikaandika skripti yangu, ile faili ya maagizo, vizuri, klasta ya kwanza wanatumia Slurm (programu ya kupanga foleni, ile iliyoanzia maabara ya Lawrence Livermore, sasa hivi iko kwenye kompyuta kubwa nyingi tu duniani), unaandika unataka kori ngapi, memori kiasi gani, na muda gani. Mimi nikaona kikomo cha muda kimeandikwa saa 72. Nikaweka saa 72. Kori nikaona unaruhusiwa mpaka 128, nikaweka 128. Memori nikaweka kubwa kuliko zote. Si wametoa wenyewe bana, mtu akikwambia jipakulie unachota kijiko kimoja?

Jobu likakaa foleni. Siku ya kwanza, siku ya pili. Kila nikiandika squeue, amri ya kuangalia foleni, inaniletea PD, yaani bado unasubiri, na kwenye mabano imeandikwa Priority, yaani kuna wenzio mbele yako. Nikasema sawa. Siku ya tatu nikaanza kufuatilia namba za majobu, nikaona namba zilizokuja baada yangu, zimeingia zimemaliza zimetoka mimi bado nimekaa. Ya nne damu ikachemka. Nikasema hapa kuna mtu anajuana na mtu, hii ni Tanzania kila mahali hata kwenye kompyuta. Nikaandika imeili ndefu, ya heshima lakini yenye miiba, mpwa wangu akanisihi mjomba usiitume, nikaituma.

Jibu likaja baada ya siku mbili. Sentensi mbili. Ndugu, umeomba saa 72, je mrani wako wa majaribio ulichukua saa ngapi?

Ule tuliopimia kwenye klasta yao, sio wa dukani, ulichukua saa 5 na dakika 40.

Nikanyamaza. Nikaenda kunywa kahawa. Na ni kwenye njia ya kurudi, nimepita Ngamiani pale kwenye mashine ya kusaga ambayo bi mkubwa wetu alikuwa akinituma toka niko darasa la pili, nimekaa pale nje nasubiri mvua ipungue ndo nikaielewa skejula, yaani ile programu ya kupanga foleni, nzima bila kusoma kitu. Mzee mwenye mashine ana mteja mkubwa wa gunia kumi, lori lake linafika saa nne, miadi imeshawekwa, saa nne mashine ni ya huyo. Saa tatu na nusu kanakuja katoto na kisado cha mahindi. Mzee anakadiria kwa macho, dakika kumi hiyo, lete. Anakasagia kanaondoka, mwenye gunia kumi hajacheleweshwa hata sekunde na mashine haikukaa bure. Sasa aje mtu mwingine amebeba mzigo kaufunika na kanga, akiulizwa ni kiasi gani anasema we weka tu mpaka saa saba. Huyo anaambiwa kaa hapo kwenye benchi. Kumbe ndani ya kanga mna kisado kilekile.

Mimi ndo nilikuwa yule wa kanga.

Hii mbinu inaitwa bakifili, yaani kujaza mapengo, ilianzia maabara ya Argonne huko Marekani mwaka 1995 hivi kwenye mashine za IBM, na sharti lake ni hilo hilo la mzee: mdogo anaweza kumruka mkubwa mradi tu asimcheleweshe yule aliye mbele kabisa ya foleni. Wanapangaje? Skejula inaangalia majobu yanayoendelea yataisha lini, inamwekea miadi wa kwanza, halafu kwenye pengo lililobaki inatafuta nani anaenea. Lakini skejula haijui jobu lako litaisha lini, inajua ulichoiambia wewe tu. Ukiiambia 72 inakutafutia pengo la 72 na kwenye klasta yenye watu pengo la saa 72 kwa kori 128 ni sawa na kutafuta siti ya dirishani kwenye basi la sikukuu. Na tunadanganya karibu wote, maana kila mtu anaogopa kukatwa, kwa hiyo mashine inapanga ratiba yake yote juu ya uongo wetu, halafu tunailaumu.

Nikarekebisha. Saa 8 badala ya 72. Kori nazo nikapunguza mpaka 32, na hapa kuna hesabu ambayo kila mtu angefundishwa kabla ya kupewa paswedi. Bwana mmoja anaitwa Gene Amdahl alilisema 1967: kama asilimia 5 ya kazi yako ni ile isiyogawanyika, mmoja anafanya wengine wanasubiri, basi hata ukipewa kori milioni huvuki kasi mara 20. Ukipiga hesabu hiyo, kori 32 zinakupa kasi kama mara 12 na nusu, kori 128 zinakupa mara 17 na kidogo. Yaani umeomba mara nne umepata nyongeza isiyofika hata nusu, na foleni uliyokaa kwa ajili ya hizo 128 imeshakula faida yote na chenji juu. Memori pia nikaangalia nilichotumia kweli, kumbe GB 21 wakati nilikuwa nimeshikilia 128 nimezikalia kama kuku.

Nilipotuma upya jobu liliingia baada ya dakika 50. Dakika! Nikampigia mpwa wangu usiku ule ule, akaniambia mjomba ni saa sita usiku, nikamwambia lala basi ila kimbunga kinatembea.

Ila msije mkadanganya upande wa pili. Wiki ya pili nikajifanya mjanja nikaweka saa 5 kamili, nikijua ni saa 5 na dakika 40, nikitegemea sijui nini. Saa 5 ilipofika Slurm ikaituma ile ishara ya kuiambia programu funga vitu vyako, ikasubiri sekunde 30 ndo kawaida yake, halafu ikaua. Bila huruma. Kosa langu pia sikuwa nimewasha zile faili za kuendelezea, WRF ina uwezo wa kuandika faili ya kuanzia upya kila baada ya saa kadhaa za modeli ili ukikatwa uendelee ulipoishia, ni mstari mmoja tu kwenye mpangilio. Washa. Usiniulize nimejifunzaje, nimeshasema.

Kingine kilichonishangaza ni mambo ya mgao wa haki. Wikiendi moja klasta ilikuwa tupu, nikarusha majobu 40 kwa mpigo, yote yakapita, nikajiona mfalme. Jumatatu nikatuma manne, yakakaa kama mawe. Kumbe mfumo unakumbuka ulichokula, ukila sana unashushwa ili waliokaa na njaa wapite, na kumbukumbu yenyewe inafifia taratibu, mpangilio wa kawaida wa Slurm ni kila siku 7 deni linabaki nusu. Mimi hili nimelipenda sana kusema kweli. Ni kama mchango wa harusi, aliyechangiwa juzi hawezi kuja kugonga tena mlango leo na bahasha nyingine, subiri kidogo watu wasahau.

Haya, sasa dalali, hapa ndo nyota zilipokatikia.

Huyu dalali ni ile programu ya mlangoni inayochagua klasta. Kazi yake anaifanya kwa kuangalia foleni ipi fupi, basi, akishaona fupi anakupeleka. Sasa data zetu za kuanzia, hewa na bahari ya siku zile, kama GB 190 zikijumlishwa za mirani yote, zilikuwa klasta ya kwanza. Foleni ya klasta ya kwanza siku hiyo ilikuwa kama saa mbili. Klasta ya tatu tupu kabisa. Dalali akafurahi akatupeleka ya tatu, na jobu likipelekwa mahali data lazima zilifuate, zikaanza kuhamishwa GB 190 kwenye laini yao ile, saa 11. Saa kumi na moja tumekaa tunasubiri mzigo uhame ili tukwepe foleni ya saa mbili! Ni kama mtu uko Mkwakwani unataka kwenda Raskazone, bajaji ya jirani ina mtu mmoja mbele yako, dalali anakwambia kuna bajaji haina mtu kabisa iko Muheza.

Na hili sio jambo geni kwa wanaojenga hivi vitu, dalali mzuri anatakiwa ajumlishe vitu vitatu, muda wa foleni, muda wa kuhamisha data na muda wa kazi yenyewe kwenye mashine ile (maana klasta ya pili kori zake ni za zamani, kazi ileile inachukua karibu mara moja na nusu), halafu achague jumla iliyo ndogo. Huyu wetu anajua kimoja tu. Niliwaandikia, wakanijibu kuna njia ya kuandika kwenye skripti kwamba napendelea klasta fulani, na kweli ipo, ila imefichwa ukurasa wa nyuma kabisa wa maelezo. Tulichofanya mwisho ni akili ya mpwa wangu sio yangu: kila mrani unahitaji kama GB 3 tu za kwake, kwa hiyo tukazikata mafungu sitini, dalali akitaka kutupeleka popote mzigo ni mdogo, unahama fasta. Toka hapo tukaanza kuelewana naye.

Kuna siku pia alituletea ofa ya ajabu, eti jobu moja ligawanywe nusu klasta ya pili nusu ya tatu kwa vile kila moja ina kori 16 zilizo wazi. Usikubali. Kwa kazi kama WRF kori zinaongea kila hatua, tundu la huku linamuuliza tundu la jirani upepo wako ukoje. Ndani ya klasta moja yenye InfiniBand, zile nyaya za kasi za kuunganisha kompyuta, swali na jibu ni sehemu ndogo ndogo za sekunde, tuseme ukiigawa sekunde vipande milioni, ni kipande kimoja au viwili. Hizo klasta mbili ziko mbali kama kilomita 1,000, na mwanga ndani ya nyaya za faiba unakwenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo hata mtandao ungekuwa wa malaika safari ya upande mmoja ni vipande elfu tano vya namna hiyo. Mara elfu mbili na zaidi! Sio suala la kuongeza bando hilo, ni umbali. Kilichofaa kugawanywa kwenye miji mitatu ni ile mirani sitini isiyojuana, huyu hana habari na yule, mmoja Kusini mmoja Kaskazini hakuna shida. Ukiijua tofauti hiyo tu, ipi inaongea na ipi haiongei, umeshajua jobu gani la gridi na jobu gani la klasta moja.

Klasta ya pili inabidi niisifu peke yake kidogo. Pembeni ya zile kori za zamani wana kundi la kompyuta za kawaida za maabara ya wanafunzi, usiku zikiwa zimelala wanazitumia kwa HTCondor, programu ya kugawa kazi kwa kompyuta zisizotumika, kitu cha chuo kikuu cha Wisconsin toka 1988. Huku hakuna foleni ya namna ile, kuna mshenga. Kompyuta inasema mimi nina hiki na hiki na simtaki mtu mchana, jobu linasema mimi nataka hiki na hiki, mshenga anasoma pande zote mbili anawaunganisha. Raha tupu. Ila mwenye kompyuta akirudi akagusa kibodi, jobu lako linaweza kutolewa nje, ndoa imevunjika, mshenga aanze upya. Kwa WRF hapafai hata kidogo. Lakini kwa kuchora ramani ni penyewe! Mirani sitini mara saa 72 ni picha 4,320, kila picha inajitegemea, ikifukuzwa hapa inachorwa pale, usiku mmoja na nusu zikawa tayari.

Watu wananiuliza kama mashine ni mpya. Baadhi sio mpya na sioni tatizo. Ranger, ile kompyuta kubwa ya Texas iliyofunguliwa 2008 ilipostaafishwa 2013 makabati yake mengine yaliletwa huku Afrika kupitia watu wa CHPC wa Cape Town, kituo cha kompyuta kubwa cha Afrika Kusini, na vyuo vikajifunzia hapo. Sisi na mtumba tena tuanze kuona aibu? Shati la mtumba nililovaa hapa limenizidi umri na linapendeza. Hao CHPC wenyewe walifika mbali, kompyuta yao Lengau ya 2016 ilikuwa ya petaflopi moja, yaani hesabu milioni mara bilioni moja kwa sekunde, jina maana yake duma kwa Kitswana.

Sasa kizuri kuliko vyote, na sijaona mtu akikisema labda kwa sababu wanaoandika haya mambo umeme wao haukatiki: ukishatuma jobu, we hauhitajiki tena. Sio kama kurimoti kompyuta ambapo ukikatika umekatika. Kuna siku nimetuma mirani 20 kwa mpigo, hiyo inaitwa arei, skripti moja unaiambia moja mpaka ishirini na zisizidi kumi kwa wakati, nimebonyeza enta umeme huo ukaondoka mtaa mzima, bando nalo limeisha, simu asilimia nne. Zamani ningelia. Nikafunga fremu nikaenda zangu kula mihogo. Asubuhi narudi nafungua, 14 zimeisha, sita zinaendelea, zenyewe hata hazijui kama Chuda kulikuwa na giza. Kushusha matokeo nako tumia rsync, programu ya kuhamisha faili, na uiambie itunze vipande, intaneti ikikata inaendelea ilipoishia, kwa intaneti zetu usipofanya hivyo utashusha faili moja mpaka uzeeke.

Kibaya kingine, ingawa hapa nusu ya lawama ni yangu. Sehemu ya kuandikia matokeo wanaifuta, faili ikikaa siku 30 bila kuguswa inaondoka. Wanatuma imeili za onyo, tena tatu, mimi imeili zao nilikuwa naziruka kwa vile nyingi ni za matengenezo ya Jumatano. Mirani tisa ikaenda. Kumwambia mpwa wangu ilibidi nianzie mbali, nikamuuliza kwanza hali ya mama yake. Alininunia siku mbili, halafu tukairudia yote tisa kwa siku moja tu kwa sababu ya zile saa 8 na kori 32, kwa hiyo namshukuru Mungu kwa yule wa sapoti mwenye sentensi mbili.

Kuhusu sapoti yenyewe, wanajua kazi. Hawana maneno ya kukuliwaza ila jibu lao ukilifuata linafanya kazi. Tatizo kuanzia Ijumaa mchana mpaka Jumatatu ni kimya kabisa, na mambo yote yanaharibika Ijumaa usiku, sijui kwa nini, kila mahali ni hivyo. Na mwongozo wao ungeandikwa upya na mtu aliyewahi kukosea. Huu wa sasa kaandika mtu ambaye hajawahi.

Kukodi kompyuta za mtandaoni kwa dola nilishafikiria. Foleni hamna, unalipa unapata, ukitaka za bei chee wanakupa zile ambazo wanaweza kuzichukua muda wowote. Nikapiga hesabu ya mirani sitini pamoja na kushusha data, ikanifikia zaidi ya kodi ya fremu yangu ya miezi mitano, na hapo mwenye fremu sijamlipa. Kama una mradi wenye fungu na tarehe inakukaba, kodi, usijitese. Kama ni mwanafunzi unaanza na una miezi mbele yako, omba akaunti ya kuchangia kama hii, ila kabla hujatuma kubwa tuma moja ndogo ya kupima muda, ongeza kama theluthi juu yake, ndo uandike. Basi.

Leo hii tunavyoongea zimebaki mirani minne, ipo foleni, imeandikwa Resources, maana yake niko wa mbele na wanasubiri nodi, yaani kompyuta moja moja za klasta, zifunguke. Mpwa wangu keshaanza kuandika sura ya matokeo.

Juzi nilipita kwa yule mzee wa mashine kusaga unga, nikamwambia mzee shikamoo, unajua kuna makompyuta makubwa huko duniani yanapanga wateja kama unavyopanga wewe? Akaniangalia, akazima mashine kabisa ili anisikie vizuri. Nikamweleza yote, ya lori, ya kisado, ya mtu wa kanga. Akakubali kwa kichwa, kisha akaniuliza, "Na pumba anachukua nani?"

Nikamwambia pumba wanazifuta baada ya siku thelathini. Akasema hao hawajui biashara, akawasha mashine.